Jino linapoonyeshwa, uliza limetoka wapi

Leo nina somo refu kidogo, nimeligawa sehemu tano. Ni historia ya meno ya bandia. Najua utasema, nesi, meno ya bandia yananihusu nini na mimi nina mtoto mchanga? Twende pole pole, utaona yanakuhusu.

SEHEMU YA 1: Karatasi ya daftari

Siku moja ya kliniki huku Sibwesa aliingia mama mdogo na mama mkwe wake. Mtoto alikuwa wa miezi saba. Amelegea, macho yameingia ndani, na pembeni ya mdomo kuna damu iliyokauka. Nikamwamkia bibi, akaitikia. Kabla sijauliza chochote akafungua kipande cha karatasi ya daftari. Ndani kulikuwa na vitu viwili vidogo, vyeupe, laini, kama punje za mchele uliolowekwa.

Akaniambia, "Nesi, sisi tumeshamtoa. Meno ya plastiki yenyewe haya hapa, yaone kwa macho yako."

Nikayaona. Lakini mtoto alikuwa bado anaharisha, na homa ilikuwa bado inapanda. Tulimpima, malaria ikaonekana. Maji mwilini yalikuwa yamepungua sana. Tukamuanzishia matibabu na kumpa rufaa, na namshukuru Mungu alipona.

Ile karatasi haikunitoka kichwani, maana mimi meno ya plastiki ya kweli nilishawahi kuyaona. Hayafanani na yale hata kidogo.

SEHEMU YA 2: Meno yaliyotoka kwa kiboko

Sisi wa Katavi kiboko tunamjua. Kiangazi maji ya mto Katuma yakipungua, viboko wanajazana kwenye madimbwi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, wanalaliana kama magunia sokoni. Jino la kiboko tunalijua kwa kuua watu. Wachache tunajua kwamba jino hilo hilo lilikuwa linavaliwa mdomoni na matajiri wa Ulaya na Marekani.

Miaka ya 1700 matajiri wa huko walikula sukari sana, na meno yao yakaoza mapema. Aliyeishiwa meno na ana pesa alikwenda kwa fundi, akachongewa mengine kutoka kwenye jino la kiboko. Mafundi walilipenda kuliko pembe ya ndovu kwa sababu ni gumu zaidi na halikimbilii kuwa la njano. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino lake moja tu. Daktari wake wa meno, John Greenwood, alimtengenezea meno kwa kuchonga jino la kiboko.

Na huku kwetu je? Karne ya 19 misafara iliyotoka Ziwa Tanganyika kupitia Tabora hadi pwani ilibeba zaidi pembe za ndovu. Lakini Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri njia hiyo kati ya 1857 na 1859, aliyataja meno ya kiboko kati ya bidhaa ndogo ndogo za biashara ile. Yaani mnyama tunayemwona hapa dimbwini naye alikuwa bidhaa ya kusafirishwa ng'ambo.

Shida ni kwamba jino la kiboko likishachongwa halina uhai. Likilowa mate kila siku linaanza kuoza na kunuka. Tajiri alitabasamu vizuri, ila ukimsogelea unajuta.

SEHEMU YA 3: Meno yaliyotoka kwa watu, kisha kiwandani

Jino la mnyama halifanani sana na la mtu. Kwa hiyo wenye pesa walitaka meno ya watu, na hapa ndo roho inauma.

Hesabu za huyo huyo Washington za mwaka 1784 zinaonyesha malipo ya shilingi 122 kwa watumwa, kwa ajili ya meno 9. Jiulize mwenyewe, mtumwa angemkatalia nani? Mwaka 1815 palipiganwa vita vikubwa Waterloo, Ubelgiji. Askari vijana waliokufa pale waling'olewa meno, yakauzwa kwa watengeneza meno ya bandia. Ndo maana huko Uingereza meno ya namna hiyo yaliitwa meno ya Waterloo. Mteja aliona seti safi, nyeupe. Kijana aliyelala uwanjani hakuonyeshwa.

Kuna kingine cha kujifunza kutoka Paris. Karne ya 18, kwenye daraja linaloitwa Pont Neuf, alikuwepo mng'oa meno maarufu, watu wakimwita Grand Thomas. Wang'oa meno wa mitaani wa Ulaya walikuwa na tabia ya kutunga meno waliyong'oa kwenye kamba na kuyatundika yaonekane. Watu wakiona kamba imejaa wanasema, huyu fundi kweli kweli!

Mama yangu, lishike hili. Jino lililotundikwa linathibitisha kitu kimoja tu, kwamba limeng'olewa. Halithibitishi kwamba lilikuwa bovu, wala kwamba mwenye nalo alipona.

Tuendelee. Karibu mwaka 1774 mfamasia Mfaransa, Alexis Duchâteau, alichoshwa na harufu ya meno yake ya bandia. Akajaribu kutengeneza mengine kwa kauri, ile ya vikombe. Mwaka 1808 Mwitaliano Giuseppangelo Fonzi, aliyefanya kazi Paris, akatoa meno ya kauri ya moja moja yenye vipini vya kuyashikizia. Mwaka 1844 Samuel White wa Philadelphia, Marekani, akaanza biashara yake ya meno ya kauri, ikakua sana. Miaka ya 1850 ukaja mpira mgumu wa kutengenezea fizi za bandia, bei ikashuka, na watu wa kawaida nao wakaanza kuvaa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ikaja plastiki inayoitwa akriliki, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikaenea duniani.

Sasa ndo tumefika kwenye meno ya plastiki ya kweli. Nikiwa mafunzoni tulitembezwa kwenye maabara ya meno. Fundi akafungua droo, akatoa kadi nyembamba. Juu yake kuna mstari wa nta, na kwenye nta yamepachikwa meno kwa mpangilio, sita ya mbele kwenye kadi moja, manane ya nyuma kwenye kadi nyingine. Hivyo ndivyo yanavyouzwa. Nta inayashika yasidondoke na yasichanganyike, maana jino la kulia haliendi kushoto. Kwenye kadi imeandikwa namba ya umbo, ukubwa na rangi. Kuna rangi za A1, A2, A3, zinaendelea mpaka D4. Pembeni kuna sampuli za rangi kwenye vijiti. Mgonjwa anawekewa sampuli karibu na meno yake yaliyobaki, kwenye mwanga mzuri, mpaka ipatikane inayofanana. Halafu fundi anabandua jino moja moja na kulipanga kwenye fizi ya bandia.

Nililishika moja. Gumu. Ukiligonga mezani linalia. Halina damu, halina mzizi, na halijawahi kuota kwenye ufizi wa mtu yeyote. Linatoka kiwandani na linakuja kwenye kadi. Meno ya plastiki duniani ni hayo.

SEHEMU YA 4: Sasa yale ya kwenye karatasi ni nini?

Ni meno ya mtoto mwenyewe.

Mtoto anazaliwa meno yote 20 ya utotoni tayari yanatengenezwa ndani ya fizi, hayajatokeza tu. Yakiwa ndani bado ni laini, hayajakomaa. Meno chonge huwa hayana haraka, mengi hutokeza mtoto akiwa na miezi 16 hadi 22. Kabla ya hapo ufizi wa sehemu ile unaweza kuonekana umevimba na kuwa mweupe. Mtu akiukata na kuchokoa, kitatoka kitu cheupe, laini. Lazima kitoke! Hata kwa mtoto mzima asiyeumwa chochote kingetoka.

Na hili jina je? Nailoni ilitangazwa Marekani mwaka 1938, na bidhaa yake ya kwanza dukani ilikuwa nywele za mswaki. Meno ya akriliki ni ya miaka hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu akikuambia "meno ya nailoni" au "meno ya plastiki" ni ugonjwa uliojulikana na mababu, muulize mababu waliitaje nailoni kabla haijakuwepo. Kukata fizi za watoto kumeandikwa sehemu nyingi za ukanda wetu. Mwaka 1969 mtafiti wa Denmark, Jens Pindborg, alichapisha habari zake kutoka Uganda. Uganda wanayaita ebiino. Kenya, Ethiopia na Sudan yapo pia. Hapa Tanzania wataalamu wa meno waliandika juu ya "meno ya nailoni" miaka ya 1980 na 1990.

Wala msidhani ni ujinga wa Waafrika. Ulaya walikata fizi za watoto kwa zaidi ya miaka 300. Daktari wa upasuaji Mfaransa, Ambroise Paré, aliandika juu ya jambo hilo karne ya 16. Uingereza na Wales mwaka 1839 vifo zaidi ya 5,000 viliandikwa kwamba chanzo ni kuota meno. Watoto wale hawakuuliwa na meno. Waliuliwa na kuharisha, homa na vifua, meno yakabebeshwa lawama kwa sababu yalikuwa yanaota kipindi hicho hicho.

Hata kwetu ni hivyo. Kuanzia karibu miezi sita kinga aliyoipata tumboni kwa mama imepungua. Anaanza uji, anatambaa, kila kitu anatia mdomoni. Vijidudu vinaingia, mbu wanamng'ata. Anaharisha, anapata homa, na wewe ukichungulia mdomoni unaona ufizi mweupe. Vitu viwili vimekutana njiani, basi kimoja kinasingiziwa kingine. Na kwa kuwa kuharisha kwingi huisha kwenyewe baada ya siku chache, aliyekatwa akipona sifa anapewa aliyekata. Yule ambaye hakupona hazungumzwi.

SEHEMU YA 5: Naomba tufanye hivi

Kukata huko hufanywa kwa kisu, sindano, kucha, hata spoku ya baiskeli. Mtoto anaweza kutoka damu nyingi, kupata pepopunda, Virusi vya Ukimwi au maambukizi ya kwenye damu, na wapo wanaokufa. Hata akipona, chombo kinaweza kugusa jino la ukubwani lililo chini yake, nalo likaota limeharibika au lisiote kabisa. Na kibaya zaidi, wakati mnahangaika na fizi, malaria na kuharisha vinaendelea.

Mtoto akiharisha, endelea kumnyonyesha. Mpe ORS iliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na zinki kwa siku 10 hadi 14 kama utakavyoelekezwa. Akiwa na homa, aje apimwe malaria siku hiyo hiyo, sio kesho. Ukiona hanyonyi, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea, macho yameingia ndani au choo kina damu, usisubiri hata kupambazuke. Tafuta bodaboda, njoo.

Mama mkwe akisisitiza, usigombane naye. Mwambie kwa heshima, "Mama, twende wote kwa nesi." Mara nyingi wakubwa hawana nia mbaya, wanaogopa kumzika mjukuu. Hata wewe unaogopa hicho hicho.

Na kama mtoto wako alishakatwa, usimfiche. Mlete. Tutaangalia kidonda, damu yake na kadi yake ya chanjo. Hakuna wa kukugombeza hapa.

Yule bibi alirudi na mjukuu kliniki mwezi uliofuata. Mtoto kanenepa, anacheka na kila mtu. Nikamweleza bibi yote haya, habari za kiboko, askari na kadi yenye nta. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza taratibu, "Sasa nesi, yale mawili yataota mengine?"

Sikutaka kumdanganya. Nikamwambia, ya utotoni hapana, bibi, ndo yale yaliyokuwa kwenye karatasi. Ya ukubwani tumuombe Mungu hayakuguswa. Akifika miaka tisa au kumi hivi ndo tutajua.

Akamtazama mtoto, akahesabu kwa vidole. Akasema, "Basi nitaishi, nione."