Hewa, Gesi na Kaboni: Historia Fupi ya Jina la Mnara

Mfasiri aletewaye maelezo ya mtambo wa kusafishia maji huenda akakutana na mnara ambao kazi yake ni kuyaondolea maji kabonidayoksaidi. Maji ya visima virefu huweza kubeba gesi hiyo kwa wingi, nayo huyatia asidi ilayo mabomba ya chuma. Mnarani, maji hunyunyizwa kutoka juu yakatiririka katikati ya vipande vingi vya plastiki au kauri. Feni husukuma hewa kutoka chini. Gesi hutoka majini ikachukuliwa na hewa hiyo. Kanuni yake ilielezwa na William Henry wa Uingereza mwaka 1803: kadiri kanieneo ya gesi juu ya maji inavyopungua, ndivyo kiasi chake majini kinavyopungua. Ndiyo maana msanifu hupima kimo cha mnara, ukubwa wa nyuso za vipande na wingi wa hewa.

Je, mnara huo tuuiteje? Tusidhani kwamba Wazungu walipata majina yao kwa siku moja. Neno gesi lilibuniwa na Jan Baptist van Helmont katika karne ya 17, akilitoa katika neno la Kiyunani lenye maana ya vurugu. Mwaka 1756 Joseph Black wa Scotland aliiita gesi tunayoizungumzia hewa iliyofungwa, kwa kuwa ilikuwa imefungika ndani ya mawe ya chokaa. Antoine Lavoisier wa Ufaransa alipoonyesha kuwa ni muungano wa kaboni na oksijeni, jina la hewa likaachwa.

Kwetu jina hewa ya ukaa limeenea, nalo lina sura nzuri ya Kiswahili. Lakini hewa kwetu ni uhai. Mchimbaji wa Geita aambiwapo kuwa duarani mna hewa, huteremka bila hofu. Kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa. Hutuama chini ya tangi au shimo, haina harufu, na huua.

Neno kaboni peke yake nalo lina mtego. Katika uchenjuaji wa dhahabu, kaboni ni makaa maalumu yanasayo dhahabu iliyoyeyushwa kwa sianidi. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa upya mwaka 2000. Maji ya Ziwa Victoria yasafishwayo Ihelele yakaanza kufika Kahama na Shinyanga mwaka 2009. Katika ukanda huo fundi aweza kutoka mtambo wa dhahabu akaenda wa maji. Akisoma "mnara wa kuondolea kaboni", atatafuta makaa.

Twapendekeza, basi, mnara wa kuondolea gesi, na gesi yenyewe itajwe kwa ukamilifu: kabonidayoksaidi. Hewa ya ukaa yaweza kubaki katika mazungumzo ya kawaida. Katika kibao cha mlangoni pa tangi, isiandikwe kamwe.