Onyo la mvua linaanzia kwenye daftari

Kila mwaka mwezi wa Oktoba, mawingu ya kwanza yanapokusanyika juu ya Kamina, tunaulizana swali lile lile: je, mvua ya mwaka huu itakuwa kali kuliko ya mwaka jana? Wazee wanasema mvua ya sasa si ile ya zamani. Pengine wanasema kweli. Lakini nani aliandika ile ya zamani, ili tuilinganishe na hii?

Tuanze na mto. Lualaba unapita Bukama, katika jimbo letu la Haut-Lomami, unapitia eneo la maziwa ya Upemba na Kisale, kisha unakwenda kaskazini na kuwa mto Kongo. Kule Kinshasa kuna kipimo cha maji ambacho watu wanakisoma na kuandika tangu mwanzo wa karne ya 20. Ndiyo maana tunajua kwamba mwaka 1961 maji yalifika mita 6.26. Wakati ule mvua ilizidi sana Afrika Mashariki na Kati. Hata ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 katika miaka michache.

Mwishoni mwa Desemba 2023, shirika la serikali linaloangalia njia za mito, RVF, lilitoa onyo kwamba maji yanapanda vibaya. Januari 2024 yakafika mita 6.20, karibu sawa na ya 1961. Serikali ilihesabu watu 300 waliokufa katika mafuriko ya msimu ule, na majimbo 18 kati ya 26 yaliguswa. RVF waliweza kuonya kwa sababu walikuwa na daftari la zamani. Lakini onyo peke yake halihamishi nyumba iliyojengwa kwenye njia ya maji.

Sasa tutazame Kalehe, Kivu ya Kusini. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, mito midogo ilishuka kutoka milimani kwa nguvu ikabeba vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Maiti zaidi ya 400 zilipatikana, na watu wengi hawakuonekana tena. Mwezi uliofuata wanasayansi wa World Weather Attribution walitaka kujua kama mabadiliko ya tabianchi yalizidisha mvua ile. Hawakuweza kujibu, kwa kuwa vipimo vya mvua vya eneo lile ni haba. Tunajua kwamba hewa yenye joto zaidi inabeba mvuke mwingi zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila digrii moja. Lakini kuhusu Kalehe yenyewe, hapakuwa na daftari la kutosha.

Je, sisi huku tulikuwa nalo? Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 njia ya kwenda Ilebo, inayopita Kamina, ikamalizika. Wabelgiji walihitaji kujua mvua kwa ajili ya treni, pamba na ndege. Mwaka 1933 waliunda INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, na vituo vya kupima vikaongezeka. Franz Bultot alikusanya namba hizo katika atlasi kubwa ya tabianchi ya bonde la Kongo, iliyotoka miaka ya 1970. Kazi ile haikufanywa kwa ajili ya kumlinda mwanakijiji, lakini namba zilibaki. Baada ya 1960, vita na ukosefu wa pesa vilifunga vituo vingi. Leo METTELSAT, ofisi ya taifa ya hali ya hewa, inafanya kazi na vituo vichache katika nchi kubwa hivi. Satelaiti inaona wingu juu ya Kamina, lakini makadirio yake yanahitaji kulinganishwa na kipimo cha chini.

Watu wa Bukama wanapata maji yanayotoka juu, upande wa Kolwezi. Anayesoma mto kule juu anaweza kuwaambia wa chini kabla maji hayajafika. Hapa Kamina, mbali na Lualaba, hatari yetu ni dhoruba ya saa moja, upepo unaong'oa mabati, na radi. Kwa radi usingoje tangazo: ukisikia ngurumo, toka uwanjani, usikae chini ya mti, ingia ndani ya nyumba, na usubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Kupima mvua si kazi ya wataalamu peke yao. Milimita moja ni lita moja kwenye kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 40 juu ya paa la mita za mraba 50 ni lita 2,000, yaani mapipa 10 ya lita 200. Hesabu hiyo mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza. Chombo kimoja uwanjani pa shule, daftari moja, saa ile ile kila asubuhi.

Wataalamu wa dunia wanahesabu tabianchi ya mahali kwa wastani wa miaka 30. Mtoto wa miaka 6 akianza kuandika Oktoba hii, atakuwa na miaka 36 daftari litakapotimia. Siku hiyo watoto wake wakimwuliza kama mvua imebadilika, atawafungulia daftari.