Mashahidi Wawili wa Mshtarii

Macho hayana pazia, walisema wahenga. Hata hivyo, ndugu msomaji, yako mengi ambayo macho hayakujaliwa kuyaona. Mojawapo ni mianga ya ncha za Mshtarii, yaani ile nuru inayocheza juu ya ncha zake za kaskazini na kusini.

Galileo aliielekezea sayari hiyo darubini mwaka 1610. Ikatazamwa kwa zaidi ya karne tatu na nusu bila mtu kuiona mianga hiyo, kwani upande unaotuelekea sisi ni wa mchana, na nuru ya jua huimeza. Mwaka 1979 chombo Voyager 1 kilipita karibu, kikainasa kwa urujuanimno, mwanga ulio ng'ambo ya zambarau. Mwaka huohuo zikagunduliwa volkeno za Io, mwezi mmojawapo wa Mshtarii. Io humwaga angani gesi yapata tani moja kila sekunde. Gesi hiyo hugeuka chembe zenye umeme, zikanaswa na sumaku ya Mshtarii, ambayo hujizungusha kwa muda usiotimia saa 10. Baadhi ya chembe huporomoka kwenye ncha, zikaipiga haidrojeni, nayo ikang'aa.

Urujuanimno huo huzuiwa na hewa ya dunia yetu, kwa hiyo hutazamwa kutoka angani. Infraredi, iliyo ng'ambo ya wekundu, kwa sehemu hupenya. Mwaka 1989 ilitangazwa kwamba darubini iliyoko Mauna Kea, Hawaii, imeona kwa infraredi chembe za haidrojeni zenye atomi tatu ziking'aa katika mianga hiyohiyo.

Tarehe 25 Desemba 2023 Mshtarii iliwekewa mashahidi wawili kwa wakati mmoja: Hubble kwa urujuanimno, James Webb kwa infraredi. Matokeo yalitolewa mwaka 2025. Mng'ao mkali kuliko wote aliouona Webb, Hubble hakuona wa kulingana nao.

Nimeliwaza sana jambo hilo. Katika mabaraza yetu, mashahidi wakitofautiana tunakimbilia kuuliza ni yupi mwongo, na mara nyingi mnyonge ndiye anayenyamazishwa. Wanaastronomia hawakumfukuza shahidi yeyote. Waliuliza ni jambo gani liwezalo kuonekana kwa huyu na kufichika kwa yule, kisha wakapanga kutazama tena.