Bia ya Keja: Vifaa Unahitaji na Vile Utafanya Ndoo Isigeuke Siki

Wasee wengi hudhani bia ni kitu ya kiwanda pekee: matangi marefu ya chuma na watu wamevaa makoti meupe. Zii. Kama uko na shosh ocha huko Western, kuna uwezekano ameona hii kazi ikifanywa na nyungu na mwiko. Busaa ni bia kamili. Wimbi linaloweshwa hadi liote, linakaushwa, linasagwa kuwa kimea. Unga wa mahindi unachachishwa, unakaangwa, halafu vyote vinaingia kwa maji. Siku chache baadaye inachujwa na wazee wanaketi chini ya mti. Bia ya chupa inafuata njia ile ile. Tofauti ni shayiri, hopsi na subira.

Shika hii moja kabla hujanunua chochote: si wewe unatengeneza pombe, ni hamira. Kazi yako ni kuipikia chakula, kuipea nyumba safi, halafu kutoka kwa njia yake. Ukiona msee ametoa ndoo ya siki, ujue aliteleza kwa moja ya hizo tatu, na mara nyingi ni usafi.

Kwanza, rada ya sheria

Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010 inataka leseni kwa kutengeneza na kuuza pombe Kenya. Usifikirie kwa sababu ni ya keja basi karao hawatajali. Pitia ofisi ya leseni ya kaunti yako uulize, kabla hujanunua hata ndoo. Na kama hujafika miaka 18, hii si yako. Soma tu upate maarifa.

Vifaa

Hapa tunapika lita 10. Ni kiasi kizuri cha kuanza, na kikiharibika hautalia sana.

- Sufuria ya lita 20 na kifuniko. Mafundi wa Kamukunji wanakuuzia bila stori mingi.
- Mfuko wa kitambaa chepesi, kama cha neti ya dirisha, wa kuingiza kimea. Uwe mkubwa utoshee mdomo wa sufuria.
- Kipimajoto. Hapa usibahatishe na kidole.
- Ndoo ya lita 15 ya kubebea chakula, yenye kifuniko kinachokaza. Ndoo ilikuwa ya rangi ama dawa? Wacha hiyo kabisa.
- Mpira mwembamba wa kupitisha hewa, na mwingine wa kuhamisha bia.
- Haidromita, ile kipimo ya kioo inaelea ikuonyeshe sukari iliyo ndani.
- Mizani ya jikoni, karai kubwa, na chupa 20 za soda za plastiki za nusu lita, na vifuniko vyake.

Kwa chakula cha hamira: kilo 2.3 za kimea cha shayiri, gramu 25 za hopsi, na nusu ya pakiti ya gramu 11 ya hamira ya bia. Shayiri hulimwa hapa kwetu, Narok na Timau, lakini hopsi ni maua ya nchi za baridi kwa hivyo utaagiza. Hamira ya mandazi itachachisha, ndio, lakini bia itanukia mkate na haitatulia chini vizuri.

Siku ya kupika

1. Kimea kivunjwe tu, kisigeuke unga. Ukipeleka kwa mashine ya posho, mwambie jamaa afungue mawe kidogo.

2. Pasha lita 15 za maji hadi digrii 69. Zima moto, weka mfuko, mwaga kimea pole pole ukikoroga ndio kisishikane mabonge. Joto litashuka hadi kama 66. Funika, zungushia sufuria blanketi, wacha saa nzima. Hapa wanga unageuka sukari. Maji yakizidi 70 kwa muda mrefu, zile chembe zinazofanya hiyo kazi zinakufa na unabaki na uji.

3. Toa mfuko, wacha uchuruzike, ukamue kidogo. Kilichobaki kwa sufuria ni supu tamu ya kimea. Makapi usitupe. Mwenye kuku ama ng'ombe mtaani atakushukuru.

4. Chemsha dakika 60 bila kufunika. Simama hapo hapo dakika za kwanza, kwa sababu povu hupanda ghafla na kuzima jiko. Supu ikianza kuchemka weka gramu 15 za hopsi, hizo ndizo za uchungu. Zikibaki dakika 5 weka gramu 10, hizo ni za harufu. Kanairo iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na maji huchemka kwa kama digrii 94 badala ya 100, so hopsi hutoa uchungu kidogo kuliko Mombasa. Ukitaka kali zaidi, ongeza gramu mbili tatu kwa zile za kwanza.

5. Poesha haraka. Weka sufuria kwa karai la maji na barafu, na ubadilishe maji yakipata joto. Lenga digrii 20 ndani ya nusu saa hivi.

Hapa ndio wengi huanguka

Moto ukizimwa, kila kitu kinachogusa supu lazima kiwe kimeuliwa vijidudu: ndoo, kifuniko, mipira, haidromita, mikono yako. Kuosha na sabuni ni hatua ya kwanza tu. Baada ya hapo chukua kijiko kikubwa kimoja cha Jik isiyo na manukato kwa lita 4 za maji baridi, loweka vyombo vya plastiki dakika 20, halafu suuza na maji yaliyochemshwa yakapoa. Usiwahi changanya Jik na siki, ndimu ama sabuni ya choo. Inatoa gesi ya sumu, na kwa keja ya chumba kimoja hakuna pa kukimbilia.

Sasa mimina supu kwa ndoo kutoka juu, ipige kelele, ishike hewa. Hii ndio mara ya pekee bia inapenda hewa. Pima na haidromita uandike nambari. Ukifuata vipimo itakuwa karibu 1.048. Nyunyiza hamira, funika, pitisha mpira kwa tundu la kifuniko na uzamishe mwisho wake ndani ya chupa ya maji. Gesi itatoka ikifanya "blup", na hewa ya nje haitaingia. Ukiziba ndoo bila njia ya gesi, kifuniko kitaruka na lando atakuja kuuliza maswali.

Wiki mbili za kutoangalia

Weka ndoo kwa giza, mahali pa digrii 18 hadi 22. Nairobi, Nakuru na Eldoret mko sawa. Kona ya chini ya kitanda inatosha. Wasee wa Mombasa na Kisumu, joto lenu hufanya hamira ikimbie na kutoa harufu ya ajabu. Simamisha ndoo kwa karai la maji, ifunike na taulo lenye maji, ama tafuta hamira ya kveik kutoka Norway ambayo inapenda joto la digrii 30 na zaidi.

Usifungue kila siku kuonja. Siku ya 10 pima, na siku ya 13 pima tena. Nambari ikiwa ile ile, karibu 1.010, hamira imemaliza kula. Chukua ya kwanza utoe ya mwisho, zidisha mara 131. Hapa ni 0.038 mara 131, yaani kama asilimia 5. Sasa unajua nguvu ya kitu unakunywa, na hiyo ni zaidi ya unachoambiwa kwa vibanda vingi.

Chupa

Chemsha gramu 65 za sukari kwa kikombe cha maji, poesha, weka kwa ndoo nyingine safi, halafu hamisha bia juu yake na mpira bila kurusha povu. Mpira usivute na mdomo, mate yako yana bakteria. Ujaze maji safi ndio uanzishe mkondo. Jaza chupa, acha nafasi ya vidole viwili, funga.

Hamira iliyobaki itakula hiyo sukari na kutoa gesi. Chupa za plastiki ni poa kwa anayeanza, kwa sababu unazifinya: zikiwa ngumu kama jiwe, weka kwa friji. Chupa ya kioo ikizidiwa inapasuka kama bomu, na vipande havichagui jicho. Usiongeze sukari "kidogo tu", na usiweke chupani bia ambayo haijamaliza kuchacha. Wiki mbili kwa giza, kisha friji.

Ukiona hivi

- Harufu ya siki: vijidudu ama hewa iliingia. Mwaga, osha, anza upya.
- Ladha ya siagi: ulitoa mapema. Wakati mwingine ipee siku tatu zaidi.
- Manyoya ya kijani juu: usichote kando ukaonja. Mwaga yote.
- Hakuna "blup": usipanik, kifuniko huenda kinavuja. Amini haidromita.

Mwisho, na hapa hakuna mchezo

Mei 2014 watu wengi walikufa kwa kaunti kadhaa, Embu ikiwemo, na Februari 2024 Kirinyaga ikazika wengine. Haikuwa bia ya nafaka iliyochacha kwa ndoo. Kinachoua na kupofusha kwa visa kama hivi ni methanoli, kemikali ya viwandani ambayo mtu huongeza kwa pombe ndio iwe kali na faida iwe kubwa. Bia ya shayiri haitoi methanoli ya kukudhuru. Kwa hivyo sheria za ndoo yako ni mbili. Moja, hakuna kuongeza kitu chochote cha "kuipa nguvu". Mbili, hakuna kuchemsha bia ili ukusanye mvuke. Hiyo si bia tena, ni chang'aa, na hapo moto, sumu na karao wote wanakungoja.

Msee akikuletea chupa mtaani, muulize ilipikwa lini, na nini, na ina asilimia ngapi. Aliyepika vizuri atakujibu bila kufikiri, pengine hata akuonyeshe daftari. Asipojua, rudisha chupa.