Kisiwa cha Roosevelt, Mto Potomac
Kwetu Mombasa tunamjua Theodore Roosevelt kama rais mstaafu aliyeshuka bandarini mwaka 1909 kwenda kuwinda bara. Hapa Washington ana kisiwa kizima. Unavuka daraja la waendao kwa miguu kutoka Virginia, unaingia msituni, na ghafla unamkuta: sanamu ya shaba, zaidi ya mita 5, koti refu, mkono wa kulia juu. Ilizinduliwa 1967. Msitu wenyewe ulipandwa miaka ya 1930. Kabla ya hapo kilikuwa kisiwa cha familia ya Mason, kilicholimwa na watumwa. Lakini mimi huja kwa ajili ya askari weusi waliofunzwa hapa 1863, mbali na wazungu wenye chuki mjini. Baadhi yao walikuwa wametoroka utumwani. Nao wanastahili shaba.