Jinsi Marekani ilivyohamisha masafa ya redio za polisi na wazimamoto

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, maafisa wa polisi na wazimamoto katika sehemu mbalimbali za Marekani walianza kulalamika kwamba redio zao za mkononi zilikuwa zikinyamaza ghafla mahali ambapo hazikupaswa kunyamaza. Betri zilikuwa zimejaa, mitambo ilikuwa mizima na leseni zilikuwa halali. Hata hivyo, afisa aliyesimama kwenye kona fulani ya barabara aliita bila kujibiwa, na alipotembea hatua chache mbele mawasiliano yakarejea.

Uchunguzi ulibainisha kwamba hapakuwa na mhalifu aliyeyavuruga masafa hayo kwa makusudi. Aliyeyavuruga alikuwa jirani mwenye leseni halali, aliyekuwa akirusha mawimbi yake kwa mujibu wa sheria. Kasoro ilikuwa katika mpango wenyewe wa kuwaweka majirani hao pamoja, na kuirekebisha kuliichukua serikali na wenye leseni takriban miongo miwili.

Nchini Marekani, masafa yasiyotumiwa na serikali kuu husimamiwa na Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, FCC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1934. Redio za polisi wa miji na majimbo, vikosi vya zimamoto, ambulensi na askari wa misitu huongozwa na sehemu ya 90 ya kanuni za tume hiyo. Anayestahili leseni za kundi hili ni serikali ya mji, kaunti au jimbo, pamoja na mashirika machache yanayotoa huduma za dharura.

Idara inayotaka masafa haiendi moja kwa moja kwenye tume. Ni lazima kwanza ipitie kwa mratibu wa masafa aliyeidhinishwa, na mratibu mashuhuri zaidi ni APCO, chama cha maafisa wa mawasiliano ya usalama kilichoanzishwa mwaka wa 1935. Kuna pia waratibu wa vikosi vya zimamoto, wa misitu na wa barabara kuu. Kazi yao ni kuchunguza ni nani tayari anatumia chaneli inayoombwa, yuko umbali gani, antena yake iko juu kiasi gani na ardhi iliyo kati yao ina milima au ni tambarare. Katika bendi ya megahezi 800, kanuni ya kawaida ni kwamba vituo viwili vinavyotumia chaneli moja vitenganishwe kwa kilomita 113. Mratibu hutoa pendekezo tu. Uamuzi hubaki kwa tume.

Leseni ikishatolewa hudumu miaka 10. Huonyesha mahali pa mnara, kimo cha antena, nguvu ya mawimbi na idadi ya redio zinazoruhusiwa. Idara za serikali hazilipii maombi kwa tume, ingawa mratibu huwa na ada yake. Mwenye leseni hupewa kwa kawaida miezi 12 kujenga mtambo wake, na asipoujenga leseni hufutika yenyewe. Tume haitaki mtu akalie chaneli kama mkulima anayezungushia ua shamba asilolilima. Masafa ni machache, na leseni ni ruhusa ya kutumia, si hati ya kumiliki.

Kanuni hizi ni nzuri, na kwa muda mrefu zilitosha. Zilikuwa na upungufu mmoja: zilipima zaidi umbali kati ya wanaotumia chaneli moja, na hazikutilia maanani vya kutosha yanayoweza kufanywa na jirani wa chaneli ya pili au ya kumi. Hapo ndipo balaa lilipoingilia.

Bendi ya megahezi 800 ilitokana na masafa ya televisheni. Katika miaka ya 1970 tume iliziondoa chaneli za televisheni kuanzia 70 hadi 83 na kuwagawia wenye redio za magari na wa simu. Katika sehemu ya redio za magari, chaneli zilichanganywa. Polisi walipewa moja, kiwanda kikapewa inayofuata, kisha kampuni iliyokodisha huduma za redio kwa madereva wa teksi na mafundi ikapewa nyingine. Mwaka wa 1987 tume iliwatengea watu wa usalama fungu lao wenyewe, megahezi 821 hadi 824 na 866 hadi 869, likagawanywa kwa mipango ya kanda 55, na chaneli tano zikawekwa za kusaidiana nchini kote. Hata fungu hilo lilipakana na wafanyabiashara upande mmoja na kampuni za simu upande wa pili.

Mchanganyiko huo haukudhuru mradi kila mtu alijenga mtambo wa aina moja: mnara mmoja mrefu juu ya kilima, wenye kurusha mawimbi mbali. Mambo yalibadilika pale kampuni ya Fleet Call, iliyokuja kujulikana kama Nextel mwaka wa 1993, ilipozinunua leseni nyingi za redio za kukodisha na kuziunganisha kuwa mtandao wa simu za mkononi. Tume iliiruhusu mwaka wa 1991. Badala ya mnara mmoja mlimani, kampuni hiyo ilijenga minara mingi mifupi katikati ya miji.

Athari yake inaeleweka kwa urahisi. Afisa wa polisi aliye kilomita kadhaa kutoka kwenye mnara wa kaunti yake hupokea mawimbi hafifu, lakini yanayosikika. Akifika chini ya mnara wa simu, mawimbi makali ya jirani huigubika redio yake. Ni sawa na mtu anayejaribu kusikiliza mnong'ono kutoka ng'ambo ya uwanja ilhali amesimama mlangoni pa kinu cha kusagia mahindi. Kinu hakimsemeshi yeye, lakini hasikii kitu.

Kuna jambo jingine lililowatatiza mafundi zaidi. Mawimbi mawili makali yakiingia pamoja ndani ya redio, huweza kuzaa la tatu ambalo hakuna mtambo wowote ulioliruhusu. Tuseme mnara wa simu unarusha mawimbi kwenye megahezi 861 na 864. Ukizidisha 861 mara mbili na kutoa 864, unapata 858. Polisi aliye kwenye chaneli ya 858 atapigwa na kelele iliyozaliwa ndani ya redio yake mwenyewe. Mkaguzi akipima hewani hataona kitu kwenye chaneli hiyo. Inafahamika basi kwa nini malalamiko mengi ya mwanzo yalichukuliwa kuwa ni redio mbovu au maafisa wasiojua kuzitumia.

Kaunti nyingine ziliamua kujitetea zenyewe. Kaunti ya Anne Arundel, jimboni Maryland, ilitunga kanuni ya matumizi ya ardhi mwaka wa 2002 ikizitaka kampuni za simu kuthibitisha kwamba minara yao haitavuruga redio za usalama kabla ya kuruhusiwa kujenga. Kampuni ya Cingular ilipinga, na mwaka wa 2003 FCC ikaamua kwamba kaunti haina mamlaka hayo: mwingiliano wa mawimbi ni suala la tume pekee. Kisheria uamuzi huo hauna ila, kwani mawimbi hayajui mipaka ya kaunti. Lakini uliiachia tume mzigo wote, na raia wa kaunti hiyo wangeuliza kwa haki tume ilikuwa inangoja nini.

Jibu lilikuja Julai 2004, baada ya mjadala uliofunguliwa rasmi mwaka wa 2002. Tume iliamuru bendi nzima ipangwe upya. Watu wa usalama wangehamia chini, fungu lao la 1987 likishuka hadi megahezi 806 mpaka 809 na 851 mpaka 854. Nextel ingekwenda juu, kuanzia 817 hadi 824 na 862 hadi 869. Katikati pangeachwa nafasi ya kutenganisha pande hizo mbili. Nextel ingelipa gharama zote za kuwahamisha wengine, na ingeyarejesha baadhi ya masafa yake. Kwa upande wake, ingepewa megahezi 10 katika bendi ya 1.9 gigahezi.

Mabadilishano hayo yalizua kelele. Washindani wa Nextel walidai kwamba kampuni iliyoleta tatizo ilikuwa inatuzwa masafa ya thamani bila mnada. Tume iliyathamini masafa hayo mapya kuwa dola bilioni 4.8, ikaamua kwamba endapo jumla ya gharama za uhamisho na thamani ya masafa yaliyorejeshwa ingepungua hapo, tofauti ingelipwa kwenye hazina ya taifa. Pia iliitaka kampuni iweke dhamana ya benki ya dola bilioni 2.5. Nextel ilikubali Februari 2005, na mwezi Agosti mwaka huo ikaungana na Sprint.

Kazi ilianza Juni 2005 na ilitarajiwa kukamilika katika miezi 36, yaani Juni 2008. Makadirio hayo yalikuwa ya watu wasiowahi kuhamisha redio za kaunti. Polisi hawawezi kuzima mawasiliano kwa wiki moja ili fundi afanye kazi. Ilibidi kila redio iguswe, na nyingi mara mbili: kwanza kuwekewa chaneli mpya pamoja na za zamani, kisha za zamani kuondolewa. Redio zilizozeeka hazikuweza kubadilishwa, zikanunuliwa mpya. Kaunti jirani zinazosaidiana wakati wa moto mkubwa zililazimika kwenda kwa hatua moja, la sivyo vikosi vyao visingesikilizana. Juu ya hayo, kila idara ilijadiliana na Sprint kuhusu bei ya kila saa ya fundi, na mizozo mingi ikapelekwa mbele ya wapatanishi.

Mipakani hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa masafa ya huko hugawanywa kwa mikataba na Canada na Mexico. Makubaliano mapya na Mexico yalitiwa saini mwaka wa 2012, miaka minne baada ya tarehe ambayo kazi yote ilipaswa kuwa imekwisha. FCC ilifunga rasmi mpango huo Aprili 2021, wenye leseni zaidi ya 2,100 wakiwa wamehamishwa. Wakati huo mtandao wa zamani wa Nextel ulikuwa umekwisha kuzimwa tangu Juni 2013, na Sprint yenyewe ilikuwa imemezwa na T-Mobile mwaka wa 2020.

Agizo hilo liliacha pia kanuni za mwingiliano ambazo zingali zinatumika. Idara ya usalama ikilalamika, kampuni ya simu hupaswa kujibu katika muda usiozidi saa 24. Ikithibitika kwamba maisha ya watu yamo hatarini, mtambo unaosababisha usumbufu huzimwa kwanza, na hoja hufuata baadaye. Lakini kinga hiyo ina masharti. Mawimbi ya idara yenyewe hayana budi kufikia nguvu maalumu pale yalipovurugwa: kwa redio za mkononi, desibeli 101 chini ya miliwati moja, na kwa za magari desibeli 104. Redio nayo iwe ya ubora uliotajwa kwenye kanuni. Kaunti maskini yenye minara michache na redio duni hupata kinga ndogo kuliko jirani yake tajiri, na hili halijapata ufumbuzi wa kuridhisha.

Wabunge walichukua mkondo mwingine kwa mawasiliano ya data. Sheria ya Februari 2012 iliunda mamlaka ya FirstNet, ikaipa megahezi 20 katika bendi ya 700 na dola bilioni 7, na mwaka wa 2017 kampuni ya AT&T ikapewa kandarasi ya miaka 25 kuujenga na kuuendesha mtandao huo. Hapo maafisa hutumia mtandao wa kampuni ya simu na kupewa kipaumbele.

Nje ya Marekani, mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva mwaka wa 2015 uliyahimiza mataifa wanachama, Kenya ikiwemo, kutumia kadiri iwezekanavyo masafa kati ya megahezi 694 na 894 kwa mitandao ya kasi ya vikosi vya usalama na uokoaji. Hayo ndiyo masafa yanayotamaniwa na kampuni za simu kila mahali, na ndimo mlimo bendi ya 800 iliyoisumbua Marekani.

Kwa sasa, chanzo kimoja cha usumbufu kimo ndani ya majengo yenyewe. Miji mingi ya Marekani huwataka wenye majengo makubwa kuhakikisha redio za wazimamoto zinasikika hadi chini ya ardhi, na wengi hufunga vikuza mawimbi. Kikuza kilichofungwa vibaya hurudisha kelele kwenye mnara wa kaunti na kudhoofisha mawasiliano ya eneo zima. Kwa hivyo kanuni zinamtaka mwenye jengo apate kwanza idhini ya mwenye leseni ya masafa, na vikuza vya aina inayopitisha bendi pana, tangu mwaka wa 2014, visajiliwe kwa tume ili fundi anayetafuta chanzo cha kelele ajue mlango wa kubisha.