Tani za mahindi na ugonjwa wa pelagra

Sisi waandishi wa magazeti tuna habari moja tunayoirudia kila mwaka: maghala yamejaa, tani kadhaa za mahindi, nchi haina njaa. Hata mimi nimeiandika. Sasa sikilizeni kisa cha Malawi.

Mwaka 1990 kusini mwa nchi ile walikuwapo mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji, waliokimbia vita vya Frelimo na Renamo. Walikuwa wakigawiwa mahindi pamoja na karanga. Kisha karanga zikakatika. Mahindi yaliendelea kuja, watu wakaendelea kusonga ugali. Mara ngozi zikaanza kubabuka shingoni na mikononi, sehemu zinazopigwa na jua. Ilikuwa pelagra, ugonjwa ambao usipotibiwa huvuruga akili na hata kuua. Kati ya Februari na Oktoba waliugua watu zaidi ya 17,000. Kilichokosekana ni niasini, yaani vitamini B3, ambayo karanga zinayo tele.

Kwani mahindi hayana? Yanayo, lakini imefungwa, mwili hauipati. Wenyeji wa Mexico, mahindi yalikotoka, tangu kale huyachemsha kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa ndiyo huifungua. Tena huyala na maharage. Wazungu waliofuata nyuma ya Columbus baada ya 1492 walichukua mbegu, mapishi wakayaacha hukohuko. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal akaukuta ugonjwa huu kwa maskini wa Asturias, Hispania. Mwaka 1915, kule Mississippi, Marekani, Joseph Goldberger aliwalisha wafungwa 11 waliojitolea chakula kilichojaa mahindi, bila nyama, maziwa wala maharage. Sita wakaugua.

Najua kuna atakayesema turudi kwenye mtama wa mababu. Haya, lakini kule Deccan, India, waliotegemea mtama nao walipata pelagra. Kosa si la mahindi. Kosa ni sahani yenye kitu kimoja. Bibi zetu hawakuwahi kusikia neno niasini, ila walipanda kunde katikati ya mahindi, wakatia karanga kwenye mchicha, wakakaanga dagaa.

Kwa hiyo siku nyingine nikiambiwa maghala yamejaa, nitauliza swali ambalo sikuwahi kuuliza: na mboga je?